Zuhura Moja, Filamu Tatu

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wasikilizaji,

Katika filamu ya Kimarekani ya mwaka 1968 iitwayo Voyage to the Planet of Prehistoric Women, wanaanga wanatua katika sayari ya Zuhura, na wanawake wa sayari hiyo, waliojilaza juu ya miamba ya ufukweni, wanawaletea maafa kwa nguvu za akili zao. Mtazamaji makini atagundua, hata kabla filamu haijafika nusu, kwamba wanaanga na wanawake hao hawakutani katika picha hata moja. Hawangeweza kukutana, kwa kuwa wanawake walipigwa picha katika pwani ya California, ilhali wanaanga walikuwa wamekwisha kupigwa picha miaka kadhaa nyuma huko Umoja wa Kisovyeti, kwa ajili ya filamu nyingine kabisa.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu unaeleza waziwazi jinsi filamu za bei nafuu za mwanzo wa zama za anga zilivyotengenezwa. Tumezoea kudhani kwamba hadithi hutangulia na vifaa hutafutwa baadaye. Katika filamu hizi vifaa ndivyo vilivyotangulia, na hadithi ikakatwa kama fundi anavyokata kanzu kwa kitambaa alichonacho, si kwa kitambaa anachokitamani.

Chanzo kilikuwa biashara. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu iliyozifanya studio kubwa za Hollywood kutengana na majumba yao ya sinema, na wakati huohuo televisheni ikaanza kuwabakiza watu nyumbani. Wenye majumba, pamoja na wenye viwanja ambako watu walitazama wakiwa ndani ya magari yao, walihitaji filamu mbili kwa kiingilio kimoja. Kampuni ya American International Pictures, ya James Nicholson na Samuel Arkoff, ilistawi kwa kuwatimizia haja hiyo, na mara nyingi jina na bango vilibuniwa kwanza, mswada ukafuata baadaye.

Mbio zenyewe zilianza hata kabla ya satelaiti yoyote kurushwa angani. Mwaka 1950, wakati Destination Moon ikitangazwa kwa kishindo, mtayarishaji Robert Lippert aliharakisha Rocketship X-M kwa takriban dola 94,000 na kuifikisha sinema wiki chache kabla ya mwenzake. Safari ya Mwezini ikageuzwa kuwa ya Mirihi, na jangwa la California likatiwa rangi nyekundu ndani ya maabara. Sputnik, satelaiti ya kwanza ya Wasovyeti, iliporushwa tarehe 4 Oktoba 1957, mtayarishaji na mwongozaji Roger Corman naye hakusubiri, na kabla mwaka uliofuata haujafika katikati filamu yake War of the Satellites ilikuwa sokoni. Uhaba uliingia hadi kwenye nyuso za mazimwi. Katika It! The Terror from Beyond Space ya mwaka 1958, kinyago alichokitengeneza Paul Blaisdell kilimbana mwigizaji Ray Corrigan hata kidevu chake kikachomoza mdomoni mwa zimwi. Badala ya kutengeneza kinyago kingine, walikipaka kidevu hicho rangi kikawa ulimi. Mimi huliona suluhisho hilo kuwa la kifundi kabisa, wala sioni la kucheka.

Lakini bohari iliyokuwa tajiri kuliko zote ilikuwa ya wapinzani wao. Waongozaji wa Kisovyeti walikuwa na fedha za serikali na muda wa kutosha. Pavel Klushantsev, aliyefanya kazi katika studio ya filamu za sayansi mjini Leningrad, aliweza kuonyesha mwili usio na uzito kwa kumning'iniza mwigizaji na kuiweka kamera chini yake, ili mwili wenyewe uzifiche nyaya. Corman alinunua filamu za aina hiyo. Nebo Zovyot ya mwaka 1959 ilikuwa inasimulia jinsi Wamarekani, kwa pupa ya kutangulia Mirihi, wanavyopotea na kuokolewa na Wasovyeti. Francis Ford Coppola, akiwa bado kijana mwanafunzi wa filamu, alipewa kazi ya kuihariri upya, ikatoka mwaka 1962 kwa jina la Battle Beyond the Sun. Mataifa mawili hasimu yakawa nusu mbili za dunia, Kaskazini na Kusini, yakapachikwa mazimwi mawili yanayopigana, na majina ya Wasovyeti yakabadilishwa. Somo la unyenyekevu walilokusudiwa Wamarekani likafutwa mezani pa mhariri.

Planeta Bur ya Klushantsev, ya mwaka 1962, inayohusu safari ya Zuhura, ilitumiwa na Wamarekani mara mbili. Mwaka 1965 Curtis Harrington aliitia sauti za Kiingereza, akamweka Faith Domergue mahali pa mwanaanga mwanamke wa Kisovyeti, na kumwongeza Basil Rathbone aliyevaa nguo zilezile alizozivaa katika Queen of Blood, filamu nyingine ya Harrington. Mara ya pili ilimwangukia mwongozaji Peter Bogdanovich, aliyeongeza wanawake wa ufukweni, nayo ndiyo filamu niliyoanza nayo. Kwa kuwa wanawake hao huzungumza kwa mawazo tu, hapakuwa na haja ya kurekodi mazungumzo yao pale ufukweni, na Bogdanovich mwenyewe ndiye msimulizi. Kwa wakati huo Zuhura yenye bahari na mijusi wakubwa ilikuwa imekwisha kukanushwa: chombo cha Mariner 2 kiliipita sayari hiyo Desemba 1962, na vipimo vyake vilionyesha joto kali lisiloweza kuhimiliwa na kiumbe yeyote tumjuaye. Picha zilikuwa zimelipiwa, nazo ziliendelea kutumika.

Katika filamu ya Klushantsev kulikuwa na roboti aitwaye John, aliyetengenezwa na mwanasayansi wa nchi za Magharibi, na ambaye, akiwabeba wanadamu katikati ya tope la volkano, anapiga hesabu na kuamua kuwatupa ili ajiokoe. Ilikuwa ni kejeli ya Wasovyeti dhidi ya ubepari. Wamarekani walimnunua pamoja na filamu, na katika toleo la mwaka 1968 wanawake wa Zuhura wanaiangusha sanamu ya mungu wao wa zamani, mnyama arukaye, kisha wanamsimamisha roboti huyo mahali pake na kumwabudu.