Mlima Usomwe Ukiwa Mtupu
Mhadhara kwa wapanda milima wa Denver

Wazee wetu, shikamooni. Dada na kaka, na vijana mliokuja na watoto, karibuni sana.

Nimeombwa nizungumzie skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa vibao virefu vya miguuni, na huenda mtu akashangaa kusikia habari za theluji mwezi huu wa Julai, jua likiwaka namna hii. Nimeuchagua mwezi huu kwa makusudi. Anayetaka kuteleza majira ya baridi kwenye milima isiyo na lifti wala walinzi, sehemu kubwa ya kazi yake huifanya sasa, kwa miguu.

Kwenye kiwanja cha skii cha kulipia, kuna watu wanaoamka usiku kuilipua miteremko kwa baruti kabla wateja hawajafika. Wanafunga sehemu mbaya, wanazungushia kamba magenge. Ukivuka kamba hizo, hakuna aliyekutangulia kukusafishia njia. Msimu wa baridi wa 2020 hadi 2021, watu 12 walikufa kwenye maporomoko ya theluji hapa Colorado peke yake. Hao ni watu waliotoka nyumbani asubuhi wakiwa na furaha, na mimi sipendi hata mmoja wetu aongezwe kwenye hesabu hiyo.

Tuchukue mahali pamoja ili tusizungumze hewani. Berthoud Pass, pale barabara ya 40 inapovuka mlima, mnapajua. Kimo chake ni mita 3,446. Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wakumbuke kambi ya Horombo, hapa ni chini yake kidogo. Mwaka 1937 iliwekwa pale kamba ya kuvuta watu kupanda mteremko, pakawa kiwanja cha skii kwa miaka mingi. Kiwanja kikafungwa, na mwaka 2003 lifti zikang'olewa, lakini watu hawakuacha kuja. Unaegesha gari, unavaa skii, hatua chache tu uko kwenye mteremko wa hatari. Urahisi huo ndio unaonitia wasiwasi. Mlima ambao mtu anaufikia baada ya kutembea nusu siku humpa muda wa kufikiri. Huu haumpi.

Sasa nendeni pale kiangazi mtazame miti. Upande wa kushuka kuelekea mji mdogo wa Empire kuna njia ya maporomoko iitwayo Stanley, inayoikata barabara ya 40 mara mbili. Januari 2007 theluji ilishuka humo ikayasukuma magari mawili nje ya barabara. Waliokuwemo waliokolewa wote. Simama barabarani mwezi wa Agosti utaona mchirizi mrefu usio na misonobari mikubwa, huku kulia na kushoto msitu umesimama mnene. Ndani ya mchirizi kuna nyasi, mierebi mifupi inayojua kulala chini theluji inapopita, na vimiti vya aspeni. Pembezoni, itazame misonobari iliyosalimika: upande unaotazama mlimani hauna matawi, yamekatwa yote, na upande wa bondeni matawi yapo. Magogo yaliyolala chini yote yameelekeza vichwa upande mmoja. Majira ya baridi mahali hapo hapo utauona uwanja mweupe, laini, usio na miti ya kukuzuia, na moyo utakwambia: hapa ndipo pa kuteleza. Miti haipo kwa sababu iling'olewa.

Ukubwa wa mimea nao unasema. Panapoota nyasi na mierebi tu, theluji hupita mara kwa mara, pengine kila mwaka. Ukikuta miti midogo ya umri mmoja, ujue kuna mwaka ambao iliyotangulia ilifagiliwa. Wala usiseme msitu mkubwa uko salama daima. Machi 2019 maporomoko ya hapa Colorado yalivuka mipaka ya michirizi iliyojulikana, yakaangusha miti iliyosimama kwa miongo mingi. Tangu hapo mimi huuliza swali moja zaidi: ikija kubwa kuliko zote, itaishia wapi?

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili. Watu wakienda kupeleleza, macho huyaelekeza kwenye mteremko: una urefu gani, utamu wake ukoje. Naomba mtazame chini yake. Mteremko unaishia kwenye uwanda mpana, au kwenye korongo jembamba lenye kijito? Theluji ikimwagika uwandani inatawanyika. Ikimwagika korongoni inarundikana, na theluji ndogo tu inaweza kumfukia mtu kwa kina ambacho wenzake hawatamfikia kwa wakati. Aliyefukiwa ana dakika 10 hadi 15 za matumaini makubwa. Baada ya hapo uwezekano wa kumpata hai unashuka haraka. Kijito unachokiruka Julai bila kulowa, Januari hukioni kabisa. Kwa hiyo shukeni mpaka mle, msimame katikati, mtazame juu mhesabu miteremko mingapi inaelekea hapo mliposimama.

Pimeni na mwinuko. Maporomoko mengi ya mabamba ya theluji, yaani tabaka zima linalokatika kwa pamoja, huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Simu zenu zina kipimo, na dira nyingi za milimani zinacho pia. Ramani pekee haitoshi. Kwenye ramani nyingi za serikali ya Marekani za eneo hili, tofauti ya kimo kati ya kontua moja, yaani mstari unaoonyesha kimo, na nyingine ni futi 40, yaani mita 12. Genge la mita nane linaweza kujificha katikati ya mistari miwili lisionekane kabisa. Mguu wako utalikuta.

Kuhusu upepo nitasema machache. Hapa huvuma zaidi kutoka magharibi, ukibeba theluji na kuirundika upande wa mashariki wa migongo ya milima. Nendeni mwishoni mwa Juni: mabaka yaliyobaki meupe wakati kwingine kumekauka ndipo upepo ulipoyajaza zaidi.

Mama mmoja hapa mbele ameuliza ni mwezi gani ulio bora kuliko yote. Ningelazimishwa kuchagua, ningechagua Oktoba, baada ya theluji ya kwanza. Mwishoni mwa Septemba aspeni zinageuka njano, na kwenye miteremko ya chini michirizi inajichora yenyewe katikati ya misonobari. Hilo ni zuri kutazama. Lakini Oktoba inafunza zaidi. Theluji ya mwanzo inayeyuka upande wa jua na kubaki kivulini, hasa upande wa kaskazini. Ile iliyobaki ni nyembamba, juu yake kuna baridi kali, chini yake ardhi bado ina joto, na tofauti hiyo huigeuza kuwa chembe kubwa zisizoshikana, kama sukari. Theluji ya Desemba na Januari itakuja kulala juu ya sukari hiyo. Mkiweka alama kwenye ramani kila mahali palipobaki peupe Oktoba, mmeshachora misingi dhaifu ya majira yote ya baridi. Ni kipindi cha uwindaji pia, kwa hiyo vaeni nguo za rangi ya chungwa kali.

Kijana kule nyuma anauliza kama mtu akishatembea hivyo yuko salama. Hapana, mwanangu. Ardhi inakwambia wapi panaweza kuporomoka na utaangukia wapi. Haikwambii kama ni leo. Hilo utalisoma asubuhi ya siku yenyewe kwenye taarifa ya CAIC, kituo cha jimbo kinachotabiri maporomoko, na utabeba kifaa cha mawimbi cha kumtafutia aliyefukiwa, fito za kumpapasia chini ya theluji na koleo la kumfukulia, pamoja na mwenzako anayejua kuvitumia. Na kama hapakaliki, unarudi nyumbani.

Mzee wangu mmoja alinong'ona wakati wa chai kwamba skii si mambo yetu. Nimjibu kwa heshima: mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König waliteleza kwa skii juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Mlima wetu ulishaijua michezo hii kabla ya babu zetu wengi kuzaliwa.

Basi, Jumamosi tunakwenda. Tutaondoka Denver saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu radi za kiangazi huanza mchana na nataka tuwe tumeshuka chini ya mstari wa miti, yaani pale miti inapoishia, kabla ya saa sita. Tutafuata njia zilizopo. Mimea ya kule juu ikikanyagwa huchukua miaka mingi kupona. Asije mtu na msumeno: kujikatia njia ya skii kwenye msitu wa taifa bila kibali ni kosa la jinai. Njooni na maji, koti la mvua, dira na kalamu. Tutaanzia korongoni, tupande pembezoni mwa mchirizi mmoja, kisha tuvuke upande wa pili wa bonde tuupige picha kutoka mbali. Picha hizo hizo tutazitoa tena Desemba.