Alichotuachia Jigoro Kano

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nimzungumzie Jigoro Kano, mwasisi wa judo, na nitaanza na umbo lake, maana mengi yalianzia hapo. Alizaliwa Japani mwaka 1860. Alikuwa mdogo wa mwili, na shuleni wenzake wenye nguvu walimwonea. Akaenda kutafuta mwalimu wa jujutsu, sanaa ya kale ya Kijapani ya kupigana kwa mikono mitupu, wakati ambao zama za samurai zilikuwa zimepita na sanaa hiyo imeshuka hadhi.

Mwalimu wake wa kwanza aliitwa Fukuda Hachinosuke, mtu aliyejipatia riziki kwa kuunga mifupa. Kano alimuuliza: mguu unawekwa wapi, mkono unavuta vipi? Mzee hakumweleza. Alimbwaga chini. Kijana akasimama na swali lake, akabwagwa tena, akaambiwa atajua kwa kurudia. Naamini judo ilizaliwa pale, kwa kijana aliyeinuka kila mara akiwa bado anataka kujua sababu.

Sababu aliyoipata inaitwa kuzushi, yaani kumyumbisha mtu kabla ya kumtupa. Nitazameni mimi. Nikisimama wima, uzito wangu umetulia juu ya miguu yote miwili. Ukinipiga mtama sasa hivi, utaumia wewe. Lakini nishike ukosi na mkono wa nguo, unisukume kwa pembeni kuelekea nyuma mpaka uzito wote ulalie kisigino hiki cha kulia. Mnaona vidole vinavyoinuka? Mguu huohuo ndio wa kufyeka. Hapo hata mtu mzito anakwenda chini, kwa kuwa alishaanguka kabla hujamgusa mguu.

Mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 21, alifungua shule yake ya judo, Kodokan, katika hekalu la Eishoji, Tokyo. Chumba cha mikeka 12, wanafunzi 9. Akachagua mitupo, kubana chini, kabari na baadhi ya mbinu za kukunja viungo. Mapigo na mbinu za kuvunja akaziacha kwenye kata, mazoezi ya hatua zilizopangwa. Kilichobaki kikachezwa kwa randori: watu wawili wanashikana, kila mmoja anakataa kuanguka kwa nguvu zake zote. Randori haikuanzia kwake, shule alizosomea walikuwa nayo. Yeye aliifanya kuwa moyo wa mafunzo.

Wapo wanaosema aliilainisha jujutsu, aliing'oa meno. Sikubaliani nao hata kidogo. Mbinu ya kumtoboa mwenzako jicho utaifanyia wapi mazoezi ya kweli? Utaigiza tu, miaka kumi, ukijidanganya. Mtupo unaweza kuurudia mara elfu juu ya mtu anayekupinga, na kesho mkakutana tena mkiwa wazima. Siku ya shida, yupi kati ya hao wawili amejiandaa?

Jibu limetembea dunia nzima. Mitsuyo Maeda, mwanafunzi wa Kodokan, alifika Brazili mwaka 1914, na huko Belém akamfundisha Carlos Gracie. Ukoo huo ukazama kwenye mapambano ya chini, na mwaka 1993 Royce Gracie, mwembamba kuliko wapinzani wake, akawabana mmoja baada ya mwingine kule Denver, Marekani, hadi wakasalimu amri, katika mashindano ya kwanza ya UFC yaliyokutanisha wapiganaji wa sanaa mbalimbali. Mrusi Vasili Oshchepkov alipata mkanda mweusi Kodokan mwaka 1913, akarudi kwao na kuweka msingi wa sambo, mieleka ya Kirusi. Alikamatwa mwaka 1937 na kufia gerezani, na kwa miaka mingi jina lake likafichwa. Hilo linaniuma kila nikilitaja.

Hata karate. Mwaka 1922 Kano alimwalika Gichin Funakoshi kutoka Okinawa aonyeshe sanaa yake Kodokan. Karate ikachukua sare ya mtindo wa judo, na pia daraja za dan, yaani ngazi za mkanda mweusi, ambazo Kano alianza kuzitoa mwaka 1883. Mtoto wa karate anapofunga mkanda wake, anafunga kitu kilichotoka kwa Kano.

Nimesema ya kutosha kwa mdomo. Naomba kijana mmoja avue viatu aje hapa mkekani. Kidevu kifuani, mkono upige mkeka, usishike pumzi. Tunaanza na kuanguka.