Uwezo, Sababu na Nia: Kusema Mbele ya Watu wa Mwaloni

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya wavuvi na wachuuzi wa dagaa, Kirumba, Mwanza)

Mwangaluka! Asanteni. Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za asubuhi.

Mmeniita niwafundishe kusema mbele za watu mpaka wakubali. Kabla sijaanza, tukubaliane kwanza mkutano ni wa nani. Wengi wetu tukishika maiki tunadhani mkutano ni wetu. Waliokulia Usukumani wanajua tangu utotoni kwamba sivyo. Nendeni Bujora, pale Kisesa, siku ya mashindano ya ngoma. Kundi la ngoma la Bagika linacheza upande huu, wapinzani wao Bagalu upande ule, saa ileile, uwanja uleule. Hakuna anayemsubiri mwenzake amalize. Watazamaji wanasimama wanakopenda, na ngoma ikipoa wanahama. Anayezungukwa na watu wengi ndiye mshindi. Manju, yule kiongozi wa ngoma, anaweza kuwa ametunga nyimbo zake mwaka mzima, lakini watu wakimpa mgongo ameshindwa, na hana wa kumlalamikia.

Mikutanoni kwetu watu hawahami kwa miguu, wanaona haya. Wanahama kwa macho. Huyu anatazama simu, yule anahesabu mitumbwi inayoingia, na wewe unaendelea kusema.

Mimi nimewahi kuhamwa. Miaka kadhaa iliyopita nilitumwa kwenye mwalo mmoja, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, kuhimiza uvaaji wa jaketi okozi. Nilijiandaa vizuri. Nilikuwa na sheria, nilikuwa na faini, nilikuwa na hatari zote za ziwa, upepo wa ghafla, mawimbi, baridi ya usiku. Nilisema dakika arobaini. Vijana wametulia kimya, nikajua nimewapata. Hatua chache kutoka niliposimama kulikuwa na mama anageuza dagaa juu ya chanja. Muda wote ule mikono yake haikusimama. Nilipomaliza, akauliza bila kuinua kichwa: “Mwalimu, wewe umewahi kulala majini?”

Sikuwa nimewahi. Hakuna aliyecheka, wangecheka ingekuwa afadhali. Waliinuka taratibu, wakarudi kushona nyavu zao.

Swali lile lilininyima usingizi. Wiki iliyofuata nikaomba kwenda nao. Tulitoka jioni, giza lilipoingia taa zikawashwa juu ya maji, tukangoja. Dagaa wakapanda kufuata mwanga. Wakati wa kuvuta ndipo nilipoelewa. Jaketi nililovaa lilikuwa nene kifuani, sikuweza kuinama sawasawa. Mkanda wake ukanasa kwenye wavu. Kijana wa pembeni yangu akaachia kamba aje kuninasua, upande wake ukalegea, na sehemu ya dagaa ikarudi ziwani. Hakuna aliyenigombeza. Tulipotulia nikawauliza, na ya kwenu yako wapi? Mmoja akajibu: yapo, tajiri mwenye mtumbwi ameyafungia stoo yasichakae, anayatoa akisikia kuna ukaguzi.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndilo lililonileta.

Tarehe 2 Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yakiwa yameshaivamia Kagera, Mwalimu Nyerere aliliambia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Wenye umri wangu mnaisikia sauti yake hata leo. Watu huyasifu maneno yale kwa ukali wake. Mimi nayapenda kwa sababu ndani yake mna maswali matatu ambayo kila msikilizaji hujiuliza moyoni kabla hajakubali jambo lolote. Kwa nini nifanye? Nataka kufanya? Naweza kufanya? Swali moja tu likikosa jibu, hasogei, hata ukisema kwa ufasaha wa namna gani.

Wale vijana sababu walikuwa nayo. Mtoto wa ziwani huna haja ya kumwambia kwamba maji yanaua. Nia walikuwa nayo, kila mmoja ana anayemngoja nchi kavu. Walichokosa ni uwezo: jaketi jembamba lisilonasa wavu, na ufunguo wa stoo. Mtu amekosa ufunguo, mimi nikampa mahubiri ya dakika arobaini.

Kwa hiyo hotuba yangu ya pili niliitoa kwa watu wengine kabisa. Wamiliki wanane wa mitumbwi, sebuleni kwa mmoja wao, wote tumekaa. Sikugusa sheria. Niliwasimulia usiku wangu, nikaweka lile jaketi mezani, nikawaonyesha mkanda ulikonasia, kisha nikauliza wao wangefanyaje. Nikanyamaza. Kunyamaza kule kulikuwa kugumu kuliko kusema, lakini msikilizaji akilipata jibu mwenyewe atalitetea kuliko utakavyolitetea wewe. Mmoja akasema yapo majaketi membamba ya kufanyia kazi, bei imechangamka kidogo, ila wakinunua kwa pamoja watapunguziwa. Watano wakakubali. Watatu wakasema watafikiri. Kwa jioni moja, hayo kwangu ni mavuno makubwa.

Kwa hiyo kabla ya kuandika hata mstari mmoja, jiulize: nani ana uamuzi, na amekosa lipi kati ya yale matatu? Aliyekosa sababu mpe ushahidi. Aliyekosa nia, tafuta anachokipenda. Aliyekosa uwezo usimhutubie, msaidie, au nenda kwa mwenye ufunguo.

Aristotle, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kwamba msemaji hushawishi kwa njia tatu: mwenendo wake unaowafanya watu wamwamini, hisia za wanaomsikiliza, na hoja yenyewe. Na hiyo ya kwanza aliiona kuwa karibu ndiyo yenye nguvu kupita zote. Mimi niliisoma darasani nikafaulu mtihani. Kuielewa, nilifundishwa na mama wa chanja. Ndiyo maana leo nikizungumzia jaketi naanza na usiku ule. Wavuvi wakishajua kwamba wavu umewahi kuninasa, wananisikiliza.

Kuhusu hisia, nina ombi, na naliomba kwa moyo wangu wote. Hapa Mwanza msemaji akitaka watu watulie anaitaja MV Bukoba. Tarehe 21 Mei 1996, meli ikizama karibu kabisa na mji huu, tulipoteza ndugu zaidi ya 800. Wengi wamelala pale Igoma. Mnapoitaja, jueni kwamba katika watu thelathini hapo mbele kuna aliyengoja bandarini siku ile. Yeye hahitaji kuogopeshwa. Ukimtumia marehemu wake kama kengele ya kuamshia mkutano, hatakusamehe, na ana haki. Kama jambo lako linahusu kweli usalama wa meli, litaje kwa heshima, mara moja, uende kwenye hoja.

Muda nao una kazi yake. Nimeona mikutano inaitishwa asubuhi baada ya usiku wa giza, wavuvi wametoka kuvuta nyavu mpaka alfajiri, macho mekundu, halafu tunasema hawa watu hawapendi elimu. Dagaa huvuliwa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haivuti samaki, mitumbwi inapumzika. Hizo ndizo siku zenu. Tazameni mwezi kabla hamjachapa barua za mwaliko.

Hayo mengine ni mazoezi tu. Itifaki ifupishe, watu wanakuja na nguvu, usiimalizie kwenye vyeo. Mwaloni kuna upepo na injini, kwa hiyo msemee aliye mbali kabisa, wa karibu watasikia bila shida. Usisome karatasi, andika maneno matano kiganjani kama unaogopa kusahau. Takwimu ziwe chache, na uzishushe hadi kwenye vitu vyao: ndoo, gunia, lita ya mafuta. Neno la Kisukuma likija ulimini, liache litoke. Magoti yakitetemeka, vuta pumzi, chagua uso mmoja unaoufahamu, umwambie huyo sentensi ya kwanza. Mimi mpaka leo yanatetemeka, na asubuhi hii nimemtazama mzee wa kofia pale dirishani.

Sasa tufanye. Kila mmoja dakika mbili: unataka nani afanye nini, na amekosa lipi kati ya uwezo, sababu na nia. Mama mwenye kitenge cha kijani, pale nyuma, anza wewe. Njoo mbele. Usimshukuru mwenyekiti, atakuelewa. Mwambie tajiri wako, kana kwamba ameketi hapa kwenye kiti hiki.