Mzoefu na Mgeni Kwenye Uwanja Mmoja

SALIM: Karibuni kipindini, tuko Mombasa. Leo ni gokati, vile vigari vidogo vya mbio vya kiti kimoja, hasa zile mbio za wikendi ambapo mzoefu hupangwa pamoja na mtu anayeshika usukani mara ya kwanza. Dada Mwanaisha, tuanze na hesabu.

MWANAISHA: Haya. Mzoefu anazunguka kwa sekunde 42, mgeni kwa 50. Wakiondoka pamoja, mzoefu anamkuta mgeni kwa nyuma kwenye mzunguko wa 7. Mbio zikiwa za mizunguko 15, atampita mara mbili. Kukutana watakutana tu. La kuangalia ni wapi.

SALIM: Na ajali nyingi hutokea wakiingia konani.

MWANAISHA: Ndiyo, kwa sababu mgeni hushika breki mapema kuliko anavyotarajia aliye nyuma. Tena gokati nyingi za kukodisha zina breki za nyuma pekee, na ekseli ni chuma kimoja kisicho na difu, kile kifaa kinachoruhusu gurudumu la kushoto na la kulia kuzunguka kwa kasi tofauti. Ukikanyaga breki huku umekata usukani, nyuma inachomoka, gari linazunguka. Mgeni afundishwe hili kabla ya lingine lolote: maliza breki gari likiwa limenyooka, ndipo ukate kona.

SALIM: Na bendera ya buluu, ya kumjulisha dereva kuwa mwenye kasi anakuja kumpita? Wengi wakipeperushiwa hukimbilia pembeni ghafla.

MWANAISHA: Hatari kubwa hiyo! Anayekuja keshachagua upande wa kupita. Mgeni ashike njia yake ileile, kisha penye mnyoosho apunguze moto apitwe. Mzoefu naye asijitumbukize ndani ya kona. Aache nafasi kidogo, awahi kukanyaga mafuta anapotoka, ampite mbele bila kugusana. Ari ya kushinda ni nzuri, lakini kumgonga anayejifunza si ushindi hata kidogo.

SALIM: Hata wakubwa wamelitafutia dawa. Formula 1 ina kanuni ya asilimia 107: muda bora wa duru ya kwanza ya kufuzu ukiwa sekunde 80, kikomo ni 85.6, na anayekizidi anaweza kuzuiwa kushindana. Kule Le Mans, mbio za saa 24 za Ufaransa, magari ya kundi la LMGT3 lazima yawe na dereva wa daraja la Shaba, la chini kabisa kati ya manne ya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari. Na Safari Rally yetu, tangu 1953, magari huondoka kwa kupishana, kila dereva anapambana na saa.

MWANAISHA: Na kwenye gokati pia, kuondoka kwa kupishana ndiko kunakonivutia zaidi. Kila mmoja azunguke mara 5, toa mzunguko mbaya kuliko yote, tafuta wastani. Tofauti ikiwa sekunde 8 na mbio ni mizunguko 10, mgeni anatangulia kwa sekunde 80. Kwa hesabu hiyo watafukuzana mpaka mzunguko wa mwisho, na mgeni atapigania ushindi kweli. Kuna wanaosema huko ni kumbeba mnyonge. Mimi sikubali, maana mzoefu akizembea kona moja tu, ameshindwa. Ila msimamizi mwenye bendera awe kona ya mwisho, kwa kuwa wote watafika hapo kwa pamoja.

SALIM: Na anayeficha kasi wakati wa kupimwa?

MWANAISHA: Mwekee kikomo. Mzoefu akiupita muda wake bora wa majaribio kwa zaidi ya sekunde 1, anaongezewa sekunde 10. Mgeni mpe nafasi ya sekunde 2, kwani yeye huimarika kweli kila anapozunguka. Kisha wastani upigwe upya kabla ya mbio zinazofuata.

SALIM: Uzito je? Wa kilo 60 na wa kilo 90?

MWANAISHA: Injini hizi ni ndogo, mwepesi huchomoka konani haraka zaidi. Mkiondoka pamoja, pimeni kila mtu na kofia yake, mwepesi aongezewe vipande vya risasi, ile metali nzito. Vifungwe kitini kwa bolti na nati. Vikifungwa kwa kamba, gari likigonga ukingo vinaruka. Lakini mkiondoka kwa kupishana, msiongeze chochote. Uzito wake umeshahesabiwa ndani ya muda wake.