Handikapu si Wastani: Peleka Kadi Zako Zote

Asanteni sana, ndugu zangu. Nimeombwa nizungumze na wanaoanza gofu kuhusu handikapu, yaani namba inayoonyesha uwezo wa mchezaji na mikwaju anayopunguziwa kwenye matokeo yake (ikiwa ndogo, mchezaji ni hodari zaidi), na nitaanza na kauli ninayoisikia kila ninapokutana na wachezaji wapya: "Acha kwanza nijue kucheza, handikapu nitaichukua baadaye." Jamani, hapana! Handikapu imewekwa kwa ajili ya yule ambaye bado hajajua. Mchezaji wa kulipwa hana shida nayo. Mwenye shida nayo ni wewe, ambaye mpira wako umeingia majini mara mbili kwenye shimo moja na bado hujafika grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye kishimo. Tangu mwaka 2020, USGA na R&A (wasimamizi wa gofu duniani) walipounganisha mifumo sita ya handikapu iliyokuwa ikitumika duniani, kikomo cha juu ni 54.0, mwanamume sawa na mwanamke. Hiyo ni kama mikwaju mitatu ya nyongeza kwa kila shimo. Nani hapa atasema haimtoshi kuanzia?

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kuna jambo moja ambalo sitaki mtu atoke humu bila kulielewa. Handikapu si wastani wa mchezo wako. Nimelisema mara nyingi, na nitaendelea kulisema hadi nisisikie tena mtu akilalamika kwamba amepitisha handikapu yake, yaani amepiga mikwaju mingi kuliko inavyomruhusu, na kwa hiyo mchezo wake umeharibika.

Tuchukue mfano, tuupigie hesabu hapa hapa. Mchezaji mpya amecheza raundi tatu za mashimo 18. Inatosha: mfumo unataka mashimo 54 tu, hata ukiyapata tisa tisa. Raundi zake ni mikwaju 118, 112 na 121. Uwanja wake una makadirio ya 71.0, yaani mchezaji hodari wa handikapu sifuri anatarajiwa kumaliza kwa mikwaju 71 hivi. Kipimo cha ugumu wake kwa mchezaji wa kawaida, ndicho wanachokiita slopu, ni 125. Uwanja wa wastani ni 113. Chukua raundi yake bora, 112. Toa 71, inabaki 41. Zidisha kwa 113, gawanya kwa 125, unapata 37.1. Zile nyingine mbili, kwa hesabu hiyo hiyo, ni 42.5 na 45.2.

Wastani wa hizo tatu ni 41.6. Je, handikapu yake ni 41.6? Sivyo. Mwenye kadi tatu, yaani matokeo ya raundi tatu aliyoyapeleka kwenye mfumo, anahesabiwa ile bora peke yake, kisha anapunguziwa 2.0. Anaanza na 35.1. Tazameni hiyo namba! Iko chini hata ya siku yake bora. Mfumo hauulizi huwa unacheza vipi. Unauliza ukipatia, unaweza kufika wapi.

Na kadi zikifika 20, mfumo unachukua 8 bora katika 20 za mwisho na kutafuta wastani wa hizo 8. Kadi 12 haziingii kwenye hesabu kabisa. Kwa hiyo ukitoka uwanjani umepitisha handikapu yako kwa mikwaju mitatu au minne, umecheza kama kawaida yako. Nenda nyumbani ukapumzike. Wapo watu wameuza fimbo zao kwa kutoelewa jambo hili dogo, na inaniuma, kwa sababu walikuwa wanaendelea vizuri.

Najua swali linalofuata: "Kama kadi mbaya haziingii kwenye hesabu, nizipeleke za nini?" Zipeleke kwa sababu kila kadi mpya inaisukuma nje ile ya zamani kabisa. Ukificha mbaya, nzuri zako za zamani zinabaki humo muda mrefu kuliko haki yake, na namba yako inaonyesha mchezaji ambaye si wewe. Siku ya mashindano unapewa mikwaju michache, unashindwa, unarudi tena unashindwa. Mficha uchi hazai. Na yule anayeficha kadi nzuri ili apewe mikwaju mingi na kubeba zawadi, huyo simfichi: anawaibia wenzake. Mfumo nao unamwinda. Ukipeleka kadi inayoishinda handikapu yako kwa 7.0, unakatwa 1.0 zaidi papo hapo. Ukiishinda kwa 10.0, unakatwa 2.0. Kupanda nako kuna breki: handikapu ikizidi ile ya chini kabisa uliyokuwa nayo katika mwaka mmoja kwa zaidi ya 3.0, kinachozidi kinahesabiwa nusu tu, na ikifika 5.0 juu yake haiendi mbele.

Mwingine ataniambia, "Shimo moja liliniharibia raundi nzima." Haliwezi kuharibu kadi yako ya handikapu. Chukua shimo la pari 4, yaani linalotarajiwa kumalizwa na mchezaji hodari kwa mikwaju minne. Kama huna handikapu bado, unaandikiwa pari ongeza tano, basi: hata ukipiga 13, kadi inasoma 9. Ukishakuwa nayo, kikomo ni pari, ongeza mbili, ongeza mikwaju unayopewa kwenye shimo hilo. Kama unapewa miwili, kikomo chako ni 8. Ukifika hapo na mpira bado uko mchangani, uokote uende shimo linalofuata. Wenzako nyuma watakushukuru.

Naona naonyeshwa saa, basi niharakishe. Namba yako haitumiki vile ilivyo; kila uwanja unaigeuza. Yule wetu wa 35.1, kwenye uwanja wake wa pari 72 anapewa mikwaju 38: miwili kila shimo, na mmoja wa ziada kwenye yale mawili magumu zaidi, yaliyoandikwa 1 na 2 kwenye safu ya ugumu katika kadi. Mpeleke kwenye uwanja rahisi wa pari 70, makadirio 68.0 na slopu 100, atapewa 29. Mtu ni yule yule, wala hajadhulumiwa. Kwa hiyo kabla ya kupiga mkwaju wa kwanza, angalia jedwali la klabu au programu ya simu, na hakikisha unasoma mstari wa tii, yaani mahali pa kuanzia, unayochezea, maana kila tii ina vipimo vyake. Kwenye mashindano ya mtu mmoja mmoja ya kuhesabu mikwaju, kawaida inachukuliwa asilimia 95 ya mikwaju hiyo unayopewa.

Nilitaka kueleza mashimo tisa yanavyogeuzwa kuwa 18 tangu marekebisho ya 2024, lakini muda hautoshi. Aliyecheza tisa apeleke kadi yake, hesabu itafanywa na mfumo. Ila raundi uliyocheza peke yako usiipeleke. Lazima awepo mtu uliyecheza naye. Karibuni maswali, na tuanze na wale ambao hawajawahi kujaza kadi hata moja.