Kufuga Kutu: Mtutu Usiwe na Mabaka

Mafundi wenzangu wa Katwe, hapa Kampala, asanteni kwa kufika, najua mvua imewashika njiani. Msiichukie. Kazi ya leo inapenda hewa yenye unyevu, maana tunafuga kutu makusudi, ili mtutu wa bunduki upate rangi nyeusi.

Chuma kikishaota kutu nyekundu, laini kama vumbi la barabara, unakichemsha kwenye maji safi kama robo saa, na ile nyekundu inageuka nyeusi. Nyeusi hiyo ni magnetaiti, oksidi nyingine ya chuma, na imeshika barabara. Sugua unga wa juu kwa sufu ya chuma, paka dawa ya kuotesha kutu, ngoja, chemsha tena. Mara ya kwanza utaona rangi ya majivu tu. Mara ya sita au ya saba ndipo weusi wenye buluu unapokolea.

Kuna anayeniuliza kwa nini tusitumbukize kwenye kostiki soda ya moto tukamaliza mara moja. Bunduki ya mitutu miwili imeungwa kwa lehemu, na kostiki huila lehemu. Mitutu itaachana mkononi mwako, mwenye mali yuko mlangoni.

Sasa mabaka. Wengi hulaumu dawa. Mimi nalaumu mkono. Nilikuwa na mtutu mmoja, kijana wangu akaushika kwa gumba kabla ya dawa ya kwanza. Alama ikatokea yote, mistari yahesabika, kama kwenye fomu ya kitambulisho! Nikarudi kwenye msasa namba 320, kazi ya siku nne ikaenda na maji. Osheni mafuta kwa asetoni, vaeni glavu. Hata sufu mpya ya chuma hutoka kiwandani na mafuta, nayo ioshwe.

Dawa iwe kidogo mno. Kitambaa kiwe kibichi tu, kipite mkupuo mmoja toka mwanzo hadi mwisho, wala usirudie. Ikichuruzika, umeshaharibu. Maji kingeni ya mvua. Ya bomba huacha madoa. Kampala iko juu, kama mita 1,200, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Yanatosha.

Na ile Sheria ya Silaha ya 1970 ipo: bila leseni, bunduki ya mtu usiifanyie kazi. Jifunzieni kwenye bomba la chuma lisilopakwa zinki.

Hiki kipande kimeshapakwa mafuta, kipitisheni. Kile kinachoning'inia kwenye msumari kiacheni, hakijachemshwa.