Maji Yakibanwa, Ukuta Ndio Husema

Mabibi na mabwana, nianze na mrija wa kawaida. Ukiupunguza upana wake kwa nusu, huku msukumo ukibaki uleule, maji yanayopita hayapungui nusu. Yanapungua mara 16. Kanuni hiyo tuliachiwa na Poiseuille, daktari Mfaransa wa karne ya 19 aliyekuwa akichunguza damu inavyopenya kwenye vimishipa vyembamba. Ndani yake kuna sharti lisilotamkwa: maji yanayogusa ukuta hayasogei. Yamenata. Yanayokimbia ni ya katikati. (Navier, mhandisi Mfaransa, tangu 1823 alikwisha kuacha nafasi ya maji kuteleza ukutani.)

Kwenye bomba la kawaida sharti hilo halina taabu. Sasa tushuke hadi nanomita, yaani mita iliyogawanywa mara bilioni moja. Molekuli ya maji ina upana wa kama nanomita 0.28. Kwa hiyo mwanya wa nanomita 2 unaenea molekuli saba tu, bega kwa bega. Ya katikati iko wapi hapo?

Mwaka 1981 wanasayansi Horn na Israelachvili walibana kimiminika kati ya vipande viwili vya ulanga, madini ya mica. Waliuchagua ulanga kwa kuwa ukiubandua vizuri, uso wake unakuwa sawasawa hadi kwenye atomu. Walipovikaribisha vipande hivyo, nguvu haikupanda taratibu. Ilisukuma, ikavuta, ikasukuma tena, kila hatua ikiwa sawa na unene wa molekuli moja. Kimiminika kilikuwa kimejipanga matabaka kama sahani kabatini, na kila tabaka lilipotoka, lilitoka zima.

Lakini jaribio linalonikosesha usingizi ni la Paris, 2016. Watafiti walipima maji yakipita katika mrija mmoja mmoja wa nano, mingine ya kaboni, mingine ya boroni naitraidi, yaani boroni iliyoungana na naitrojeni. Kwa mpangilio wa atomu mirija hiyo ni mapacha: yote ni sega la nyuki lililokunjwa. Katika kaboni maji yaliteleza, na kadiri mrija ulivyokuwa mwembamba ndivyo yalivyoteleza zaidi. Katika boroni naitraidi hata dalili ya kuteleza haikuonekana. Umbo lilelile, maji yaleyale! Tofauti kubwa iliyobaki ni elektroni: kaboni ile hupitisha umeme, mwenzake ni kihami, haupitishi.

Tangu hapo, nikionyeshwa kipimo cha mtiririko wa nano bila kutajiwa ukuta ni wa kitu gani, karatasi hiyo naiweka kando.